Martin Delany: tabibu aliyefukuzwa Harvard akageukia siasa

Desemba 1850, wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Boston, walikaa kikao na kuwaandikia walimu wao. Walisema hawakubali kusoma darasa moja na watu weusi, watu ambao hata barabarani wasingependa kuonekana nao. Wakaongeza kwamba shahada yao itashuka hadhi mbele ya jamii iwapo mtu mweusi naye ataipata. Wanafunzi weusi waliozusha ghadhabu hiyo walikuwa watatu tu, na walikuwa wameanza masomo mwezi Novemba.

Mkuu wa kitivo alikuwa Dk. Oliver Wendell Holmes, tabibu na mshairi, ambaye miaka saba kabla alithubutu kuwaambia madaktari wenzake kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwapelekea wanawake homa ya uzazi. Safari hii uthubutu huo haukuonekana. Baadhi ya wanafunzi waliandika kuwatetea wenzao weusi, lakini walimu wakaamua hivi: watatu hao wamalize muhula, kwa kuwa mihadhara walikwishailipia, kisha wasirudi tena. Shahada ilidai mihula miwili. Uamuzi ulitungwa kwa lugha ya adabu, ila maana yake ilikuwa moja: hapa hamtapata udaktari.

Wawili kati yao, Daniel Laing na Isaac Snowden, walikuwa chini ya udhamini wa chama kilichotaka kuwahamishia Liberia watu weusi waliokuwa huru, na walitarajiwa kwenda kutibu huko. Wa tatu hakuahidi kwenda kokote. Alitaka kurudi Pittsburgh, kwake, kwa wagonjwa wake. Alikuwa na umri wa miaka 38, ana mke na watoto, ameshahariri magazeti mawili, na vyuo kadhaa vya Pennsylvania na New York vilikwishamfungia mlango. Jina lake Martin Robison Delany. Naamini kwamba kama Harvard ingemwacha amalize, tungekuwa na daktari mmoja hodari wa Pittsburgh, na pengine tusingekuwa na mmoja wa waasisi wa fikra ya Umajumui wa Afrika.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1812 huko Charles Town, Virginia. Baba yake, Samuel, alikuwa mtumwa. Mama yake, Pati, alikuwa huru, na sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Uhuru wa namna hiyo haukuwa na usalama. Familia ilisimulia kwamba kuna watu walitaka kuwatia wanawe utumwani, naye Pati akawachukua kwa miguu, zaidi ya kilomita 30, hadi mahakama ya Winchester kuuthibitisha uhuru wao, na akashinda. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akizungusha bidhaa aliwaachia watoto kitabu cha kujifunzia kusoma. Walijifunza kwa kificho, maana Virginia haikuruhusu weusi wafundishwe kusoma. Siri ilipovuja, Pati alifunga virago na mwaka 1822 akavuka na wanawe hadi Chambersburg, Pennsylvania. Mwaka uliofuata Samuel, akiwa ameshajikomboa kwa fedha, aliwafuata.

Akiwa na miaka 19 Martin alivuka milima ya Allegheny kwa miguu, kiasi cha kilomita 250, kwenda Pittsburgh. Huko alisoma kwa Mchungaji Lewis Woodson, na akapokewa kama mwanagenzi na daktari Mzungu, Andrew McDowell. Udaktari wa zama hizo ulikuwa wa damu. Alijifunza kuumika: kuchanja chale ndogo ngozini, kupasha moto kikombe cha kioo, kukibandika juu ya chale na kungoja kivute damu kadiri kinavyopoa. Alijifunza pia kuweka ruba na kujua wakati wa kuwabandua. Kwa kazi hiyo alipata riziki na jina, akaoa mwaka 1843. Yeye na mkewe, Catherine Richards, walipata watoto 11, saba wakakua, nao aliwapa majina ambayo hayakuhitaji maelezo: Toussaint L'Ouverture, jina la jemadari wa Haiti; Alexander Dumas, la mwandishi wa Ufaransa mwenye bibi mweusi; Faustin Soulouque, la mtawala wa Haiti; na binti akaitwa Ethiopia. Nyumba yenyewe ilikuwa darasa la historia.

Mwaka huohuo wa 1843 alianzisha gazeti, The Mystery. Alipomwandika mtu mmoja kuwa ni kibaraka wa wasaka watumwa, alishtakiwa kwa kashfa na kutozwa faini. Kisha mwishoni mwa 1847 aliungana na Frederick Douglass kuhariri North Star, gazeti lililotoka Rochester, New York. Kazi ya Delany ilikuwa kuzunguka majimboni akihutubia na kutafuta wasomaji, na katika mji mmoja wa Ohio aliponea chupuchupu mikononi mwa kundi lililotaka kumdhuru. Walikuwa marafiki wawili wenye tabia mbalimbali. Douglass aliwahi kusema kwamba yeye humshukuru Mungu kwa kumuumba mtu, ila Delany humshukuru kwa kumuumba mtu mweusi.

Ndiyo maana pigo la Harvard lilimwingia sana. Septemba 1850, wiki chache kabla hajaenda Boston, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha Sheria ya Watumwa Watoro, iliyomlazimisha hata raia wa majimbo huru kusaidia kumkamata mtumwa aliyetoroka. Mtu mweusi aliyekamatwa hakuruhusiwa hata kujitetea kwa kinywa chake. Delany aliliona jambo lilelile Washington na Boston: siyo kwamba mtu mweusi hajastahili, bali stahili yake haihesabiki mpaka Mzungu aipigie muhuri. Mwaka 1852 aliandika kitabu kuhusu hali ya watu weusi wa Marekani na mustakabali wao. Humo aliwaita taifa lililomo ndani ya taifa jingine, akawakosoa hata Wazungu wapinga utumwa, ambao waliwahubiria weusi usawa lakini katika ofisi zao wakawapa kazi za kufagia na kubeba. Shauri lake lilikuwa kuhama. Agosti 1854 aliongoza mkutano mkubwa wa Cleveland uliojadili wapi pa kwenda: Amerika ya Kati na ya Kusini, visiwa vya Karibi, au Kanada.

Hakuacha kutibu. Mwaka huo wa 1854 kipindupindu kilipolipuka Pittsburgh na waliojiweza, madaktari wakiwemo, wakatoroka mji, Delany alibaki akihudumia wagonjwa. Miaka miwili baadaye alihamishia familia Chatham, Kanada, mji uliojaa watoro wa utumwa. Hapo ndipo Mei 1858 John Brown alipofanya mkutano wake wa siri wa kupanga uasi dhidi ya utumwa, na Delany akiwa mmoja wa waliohudhuria.

Afrika aliikanyaga mwaka 1859. Aliondoka New York mwezi Mei kwa meli iitwayo Mendi, akapitia Liberia, nchi aliyokuwa akiibeza kwa miaka mingi kama mradi wa Wazungu wa kuwaondoa weusi, na ambako hata hivyo alipokewa kwa heshima. Alipatwa na homa, akajitibu, na akawa anaandika kuhusu maradhi ya nchi hizo kwa jicho la tabibu. Kisha akaenda Lagos, na kutoka Lagos hadi Abeokuta, mji wa Waegba, tawi la Wayoruba. Mwenziwe katika safari alikuwa Robert Campbell, mwalimu mzaliwa wa Jamaika.

Abeokuta haikuwa imechaguliwa kwa bahati. Waegba walikuwa wameujenga mji huo chini ya mwamba wa Olumo kiasi cha miaka 30 tu nyuma, wakikimbia vita na wauza watumwa. Lilikuwa kimbilio la weusi lililojengwa na weusi wenyewe. Na nyuma ya mji kulikuwa na ardhi ya pamba. Hesabu ya Delany ilikuwa ya mtu anayetafuta chanzo cha ugonjwa: utumwa wa Marekani unasimama juu ya pamba, pamba inakwenda kwenye viwanda vya Uingereza, kama viwanda hivyo vitapata pamba ya Afrika iliyolimwa na watu huru, bwana wa watumwa wa Mississippi atakosa soko. Naye hakuishia kulifikiria jambo hili, alikwenda mwenyewe kulifanyia kazi.

Tarehe 27 Desemba 1859 yeye na Campbell walitia saini mkataba na Alake, mfalme wa Abeokuta, pamoja na machifu wake. Miongoni mwa mashahidi alikuwa Mchungaji Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini na wanamaji wa Uingereza, na ambaye baadaye angekuwa askofu. Mkataba uliwaruhusu weusi kutoka Marekani kuishi pamoja na Waegba katika ardhi isiyokaliwa. Wao walete elimu, kilimo na ufundi. Waheshimu sheria za Waegba. Mambo ya ndani ya walowezi wayaamue wenyewe. Na palipo na mgogoro kati ya pande mbili, waketi wasuluhishi wa idadi sawa kutoka kila upande.

Kifungu hicho cha mwisho nakithamini kuliko mengine yote aliyowahi kuandika. Mtu aliyefukuzwa darasani kwa sababu ya rangi yake alikuwa anaingia katika nchi ya wengine, na badala ya kudai ubwana alidai usawa wa viti. Sitaki kumpamba kupita kiasi: katika maandishi yake aliamini kwamba weusi wa Marekani ndio watakaoiletea Afrika maendeleo, na fikra hiyo ina kiburi ndani yake. Lakini alitangaza pia kwamba Afrika ni ya Waafrika na ndio waitawale, zaidi ya miaka 50 kabla Marcus Garvey hajalifanya neno hilo kuwa wimbo wa dunia.

Mkataba haukudumu. Wamisionari wa Kiingereza, Henry Townsend akiwa mbele, hawakutaka walowezi weusi wenye siasa zao karibu na misheni. Wakasema machifu walikubali watu waitumie ardhi tu, wala hawakuigawa. Alake naye akatangaza kwamba hakusaini. Mwaka 1861 Uingereza ikaitwaa Lagos, na njia ya baharini ikawa mikononi mwake.

Kabla ya hapo, Julai 1860, Delany alikuwa London. Alikaribishwa kwenye Kongamano la Kimataifa la Takwimu, lililofunguliwa na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria. Mzee Lord Brougham, mpinga utumwa wa siku nyingi, akasimama na kumgeukia balozi wa Marekani, George Dallas, akimwelekeza kwamba ukumbini humo yupo mjumbe mweusi. Dallas alikaa kimya. Delany akainuka, akamshukuru Brougham, na akamhakikishia Mwanamfalme kwamba yeye ni mtu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Augustus Longstreet, mjumbe rasmi wa Marekani, alitoka nje kwa hasira. Aliyebaki ni Edward Jarvis, daktari kutoka Massachusetts, jimbo la Harvard.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, Delany aliachana kwa muda na mpango wa kuhama. Alizunguka akiandikisha askari weusi, na mwanawe Toussaint akaingia Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Februari 1865 alipata nafasi ya kuonana na Rais Abraham Lincoln Ikulu. Alimpelekea pendekezo: jeshi la weusi, chini ya maofisa weusi, liingie ndani kabisa ya Kusini na kuwapa silaha watumwa huko huko waliko. Lincoln alivutiwa, akamwandikia Waziri wa Vita, Edwin Stanton, akimsifu mgeni wake kwa akili isiyo ya kawaida. Mwisho wa mwezi huo Delany alikuwa Meja, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho cha kuongoza askari katika jeshi la Marekani. Vita vikaisha kabla hajapigana.

Tarehe 14 Aprili 1865 alikuwa katika bandari ya Charleston, Carolina Kusini, bendera ya Marekani ilipopandishwa tena juu ya ngome ya Sumter, mahali vita vilipoanzia. Alikuwa ndani ya Planter, meli ambayo Robert Smalls, akiwa mtumwa, aliwapokonya waasi mwaka 1862 na kutoroka nayo pamoja na familia yake. Sherehe hizo alihudhuria pia mtoto wa Denmark Vesey, aliyenyongwa mjini humo mwaka 1822 kwa kupanga uasi wa watumwa. Usiku huo Lincoln alipigwa risasi. Na usiku huohuo, Wilberforce, Ohio, ilikokuwa familia ya Delany, jengo kuu la chuo liliteketea kwa moto, na ndani yake nyaraka zake na vitu alivyovikusanya Afrika. Mengi tunayoyajua kuhusu maisha yake ya awali tunayajua kwa sababu ya mwanamke mmoja, Frances Rollin, mwalimu mweusi wa Carolina Kusini, aliyemhoji na kuchapisha wasifu wake mwaka 1868. Jina lililotokea kwenye jalada lilikuwa la kiume, Frank A. Rollin.

Delany alibaki Carolina Kusini, kwanza kama ofisa wa shirika la serikali lililowahudumia watumwa walioachwa huru, huko Hilton Head. Julai 1865 aliwahutubia mamia ya watu katika kanisa la matofali la kisiwa cha St. Helena. Aliwaambia kwamba utajiri wa Kusini na Kaskazini pia umetoka migongoni mwao, kwamba uhuru wameupata kwa kushika bunduki, na kwamba wajihadhari na wafanyabiashara wa Kaskazini waliokuja kununua jasho lao kwa bei ya kutupa. Wapate ardhi, walime yao. Maofisa Wazungu waliokuwapo waliandika ripoti kwa wakubwa wao wakimtaja kuwa mtu wa hatari.

Hapa ndipo inapoanza sehemu ambayo wengi wa wanaomsifu huipita haraka. Katika Carolina Kusini weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, walipiga kura, waliketi bungeni. Delany aliona chama chao, Republican, kimejaa wageni wa Kaskazini wanaojichumia, na viongozi weusi wanaopewa nafasi za mapambo. Mwaka 1874 aligombea unaibu gavana pamoja na John Green katika kundi lililojitenga na chama, likaungwa mkono na Wazungu wahafidhina, wakashindwa. Gavana Daniel Chamberlain akamteua hakimu wa mahakama ndogo mjini Charleston, kisha Delany akashtakiwa kwa udanganyifu wa fedha za kanisa, akatiwa hatiani, akapoteza kazi, akasamehewa.

Mwaka 1876 alifanya lile ambalo halikusahauliwa. Alimuunga mkono Wade Hampton kugombea ugavana: Hampton, jenerali wa jeshi lililopigania utumwa, mwana wa moja ya familia zilizomiliki watumwa wengi kabisa Kusini. Delany alidai kwamba weusi lazima wapatane na wenye ardhi wanaoishi nao, si kuwategemea wanasiasa wa kuja na kuondoka. Lakini wafuasi wa Hampton, wale wa mashati mekundu, walikuwa wakizunguka na bunduki kuwatisha wapigakura weusi, na Julai mwaka huo askari wa mgambo weusi waliokwishakamatwa waliuawa mjini Hamburg, katika jimbo hilohilo. Oktoba, Delany alipokwenda Cainhoy kumpigia kampeni Hampton, weusi walimzomea, mapambano ya risasi yakazuka, wakafa watu kadhaa, wengi wao Wazungu. Yeye alinusurika.

Alikosea, na kosa lenyewe halikuwa dogo. Nadhani lilitokana na tabia ileile iliyomfanya awe mkubwa: hakuvumilia kuwa chini ya ulezi wa mtu, hata wa rafiki, na chuki yake kwa walezi wa Kaskazini ilimfanya asiione bunduki iliyokuwa mbele yake. Hampton alishinda katika uchaguzi uliojaa vitisho na ubishi, akamrudishia uhakimu. Askari wa serikali kuu waliondolewa 1877. Mwaka uliofuata Delany aliondolewa kazini, na siasa ya weusi katika jimbo hilo ilikuwa inazimwa.

Akarudi kwenye Afrika. Aliongoza kamati ya fedha ya kampuni ya hisa iliyoundwa na weusi wa Charleston ili wahamie Liberia. Walinunua meli yao, Azor, na Aprili 1878 ikang'oa nanga na abiria 206. Maji na huduma ya tiba havikutosha, 23 wakafa njiani. Madeni yaliinyang'anya kampuni meli baada ya safari hiyo moja.

Mwaka 1879 alichapisha kitabu kuhusu asili ya binadamu, akiandika juu ya ustaarabu wa kale wa Misri na Ethiopia. Alitafuta kazi serikalini Washington, hakuipata. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 24 Januari 1885, Wilberforce. Wiki hizo wajumbe wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin wakijadili namna ya kuigawana Afrika, na Mjerumani Karl Peters alikuwa na karatasi alizozikusanya kwa Mangungo wa Msovero na machifu wengine wa Usagara, ambazo Februari zingepata hati ya Kaisari. Vifungu vya wasuluhishi wa idadi sawa havikuwamo.

Miongoni mwa abiria wa Azor waliofika Monrovia alikuwamo Daniel Frank Tolbert, kutoka Ninety Six, Carolina Kusini. Mjukuu wake, William Tolbert, aliingia Ikulu ya Liberia mwaka 1971, na mwaka 1979 akawa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kizazi cha waliotoka Marekani kilikuwa kimeitawala nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 130, huku wenyeji walio wengi wakiwa nje ya meza. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1980, askari 17 wenye asili ya wenyeji hao waliivamia Ikulu na kumuua.